Kusoma majibu ya kipimo cha oili kwenye gari la turbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila nikitaja kwamba oili chafu ya Subaru Forester yangu hupita maabara kabla ya kutupwa. Gari ni SG5, injini EJ205, silinda nne, turbo moja, na liliingia nchini likiwa limeshatembea sana Japani. Mengi ya humu yanafaa gari lolote la petroli lenye turbo, iwe Golf TSI au X-Trail GT. Wenye dizeli wana swali lao kuelekea mwisho.

Kipimo hiki kinapima nini?

Chupa moja ya oili hutoa habari za aina tatu. Kuna metali zilizosagika ndani ya injini: chuma, alumini, shaba, risasi, bati, kromi. Kuna vitu vilivyoingia visivyotakiwa: vumbi, petroli, maji, kulanti (dawa ya rejeta), masizi. Halafu kuna hali ya oili yenyewe, yaani mnato wake na kiasi cha dawa kilichobaki kati ya zile ilizochanganywa kiwandani.

Ujuzi wenyewe ni wa zamani. Shirika la reli la Denver and Rio Grande Western, Marekani, lilikuwa likitafuta metali kwenye oili ya vichwa vyake vya treni vya dizeli tangu 1946. Sisi wa magari madogo tumekuja kudandia baadaye sana.

Kitaniambia kama turbo yangu inakaribia kufa?

Mara nyingi hakitakuambia, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujalipa.

Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikikatika, shafti inagusa bushi zake na mambo yanaisha kwa dakika chache. Sampuli uliyochukua mwezi uliopita haiwezi kujua kwamba leo paipu ya oili ya turbo imeziba. Kwenye Subaru nyingi za turbo za zama hizi kuna kichujio kidogo cha wavu ndani ya boliti inayopeleka oili kwenye turbo. Kikijaa tope la oili iliyochelewa kubadilishwa, turbo inakufa kwa kiu wakati injini nzima ina oili ya kutosha. Karatasi ya maabara haikioni kichujio hicho. Kukifungua na kukitazama ni kazi ya spana na muda kidogo tu.

Turbo inayochakaa polepole inaweza kuonekana: shaba hupanda kutoka kwenye bushi, na chuma kutoka kwenye shafti. Lakini metali hizo hizo zipo sehemu nyingine za injini, na hakuna jina la kifaa lililoandikwa juu ya kila chembe.

Oili inakuonyesha vizuri vitu vinavyoua turbo na injini pamoja: vumbi linalovutwa, petroli inayovujia kwenye sampu (karai la oili chini ya injini), maji, na oili iliyoungua kwa joto. Nilianza kupima kwa ajili ya turbo, na karibu kila nilichokipata kilitoka mahali pengine.

Hizo ppm ni kiasi gani kwa macho?

Ni sehemu kwa milioni: ppm 1 ni miligramu moja ndani ya kilo moja ya oili. Injini yangu hubeba lita nne na kitu, ambazo ni karibu kilo nne. Kwa hiyo ukisoma chuma 30, injini nzima ina takriban miligramu 120 za chuma kilichosagika. Ni kama chumvi kidogo ya kubana kwa ncha za vidole. Huwezi kuziona kwenye kijiti cha oili, wala kuzihisi kwa vidole.

Nasema vidole kwa sababu kila gereji ina fundi anayechovya kidole, anasugua, kisha anatoa hukumu: "Bosi, hii bado ina uzito, rudi nayo barabarani." Anachokihisi ni oili ya baridi. Mnato wenye maana kwa injini yako ni ule wa oili ikiwa na nyuzi joto 100, na hapo hakuna kidole kitakachodumu.

Sampuli ichukuliwe vipi?

Endesha gari mpaka oili ipate joto lake, zima, subiri dakika chache isikuunguze. Futa boliti ya sampu na eneo linaloizunguka kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Fungua, acha oili ya kwanza ipite, maana hiyo hubeba mchanga wa kwenye boliti na mashapo ya chini. Ikishatoka kama theluthi, ingiza chupa kwenye mtiririko, jaza mililita 100 au kiasi walichokuambia, ondoa, funga. Usisubiri matone ya mwisho.

Chupa iwe ile ya maabara, au mpya kabisa. Chupa ya maji ya kunywa "iliyooshwa" ina maji. Chupa ya dawa ya kikohozi ina sukari. Na usichote kwenye beseni la fundi, kwa sababu beseni hilo limeshapokea oili ya Noah, Canter na pikipiki za mtaa mzima.

Kwenye fomu andika kilomita za gari, kilomita ambazo oili hiyo imetembea, jina na namba ya oili, na kiasi ulichoongezea katikati. Hilo la mwisho watu hulisahau. Ukiongeza lita moja kwenye nne umezimua kila kitu, na chuma kitasomeka kidogo kuliko hali halisi. Injini inayokula oili inaweza kuonekana ina afya kwa sababu tu inalishwa oili mpya kila wiki.

Nitapima wapi?

Magari madogo hayana mlolongo wa maabara mtaani, lakini kipimo kipo, kwa sababu migodi, meli na mitambo ya umeme haiendeshwi bila hicho. Uliza kwa wauzaji wa mitambo mikubwa (Caterpillar wana mpango wao unaoitwa S·O·S), kwa kampuni za ukaguzi wa mafuta zenye maabara, na kwa wauzaji wakubwa wa oili, ambao baadhi yao huwapimia wateja wa jumla. WearCheck wa Afrika Kusini wamejikita kwenye kazi hii. Walioko Marekani hutumia sana Blackstone, maabara ya Fort Wayne, Indiana, na mtindo wao wa kuandika maoni kwa lugha ya kawaida umewafundisha wengi kusoma karatasi hizi.

Kabla hujatuma uliza jambo moja: watapima mnato wa nyuzi 100, petroli na maji, au metali pekee? Kifurushi cha metali pekee kwa gari la turbo ni nusu ya kazi.

Karatasi imefika. Nianze kusoma wapi?

Kila mtu huanza na chuma. Mimi naanza na kilomita, kisha silikoni, kisha mnato na petroli, na metali baadaye. Sababu ni kwamba vumbi na petroli ni visababishi, na metali ni matokeo. Ukisoma matokeo kwanza utamtafuta mchawi kwenye konrodi wakati yuko kwenye mpira wa hewa.

Na usisome safu moja. Karatasi moja haina cha kulinganishwa nacho isipokuwa wastani wa maabara. Karatasi tatu za gari lako mwenyewe, kwa oili ile ile, zinakuambia ya kwako.

Silikoni iko juu. Ni vumbi?

Angalia imeongozana na nani. Silikoni huingia kwenye oili kwa njia tatu kubwa: vumbi la barabarani, gundi ya gasketi ambayo mafundi wetu huipaka kwa ukarimu wa ajabu, na dawa ya kuzuia povu ambayo oili huja nayo ikiwa mpya (hiyo ni ppm chache tu). Ikipanda peke yake baada ya injini kufunguliwa na kupakwa gundi, kuna uwezekano mkubwa ni gundi, na itashuka kwenye oili mbili zinazofuata. Ikipanda pamoja na alumini, chuma na kromi, hapo ni mchanga unaokwangua silinda, pistoni na ringi. Udongo wenyewe una alumini pia, kwa hiyo sehemu ya alumini unayoiona ni vumbi na sehemu ni pistoni.

Hapa nina karatasi zangu mbili. Ya kwanza ilitoka msimu niliokuwa nakwenda shamba Mkuranga kila Jumamosi, na kipande cha mwisho cha njia ni mchanga mtupu. Oili ilikuwa imetembea kilomita 5,000: silikoni 42, alumini 11, chuma 31, kromi 3. Maabara wakaandika nikague njia ya hewa. Nilikuwa na filta ya kimichezo, ile ya kuoshwa na kupakwa mafuta, iliyokuja na gari. Nikaona nimempata mhalifu, nikarudisha filta ya karatasi ya kawaida, nikalala.

Nilikuwa nimepatia nusu. Siku nyingine nikiwa na tochi nilitoa mpira unaotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye turbo, nikapitisha kidole ndani. Kidole kilitoka chekundu. Vumbi laini la udongo, kama poda, na lilikuwa limeanzia mahali mpira unapoungana na paipu, upande wa chini usioonekana kwa juu. Klemu ilikuwa imefungwa ikiwa imepinda. Aliyeifunga mara ya mwisho nilikuwa mimi.

Karatasi iliyofuata, kilomita 5,000 tena, njia ile ile ya Mkuranga: silikoni 13, alumini 5, chuma 17, kromi 1.

Kwenye turbo, kumbuka upande gani uvujaji upo. Kabla ya turbo, hewa inavutwa, kwa hiyo kila ufa unanyonya vumbi, na mapanga ya turbo ndiyo yanayolipokea kwanza. Kati ya turbo na throto (mlango wa hewa ya injini), gari likivuta kwa nguvu hewa inasukumwa nje: utasikia mluzi, nguvu itapungua, lakini vumbi haliingii kwa njia hiyo. Baada ya throto kuna yote mawili, kwa sababu injini ikinguruma gari likiwa limesimama, hapo panavuta. Kwenye EJ za turbo mpira unaoingia kwenye turbo umejificha chini ya manifoldi, na ukizeeka hupasuka mahali ambapo hutauona bila kulala juu ya injini na kioo.

Mnato umeshuka. Oili ni feki?

Inawezekana, lakini anza na petroli.

Oili ya namba 30 kwa vipimo vya SAE iwe kati ya 9.3 na chini ya 12.5 kwenye nyuzi 100. Namba 40 ianzie 12.5 na isifike 16.3. Kipimo kinaitwa sentistoki, na kwenye karatasi utaona cSt. Ukiweka 5W-30 ikarudi na 8.4, unaendesha namba 20, kwenye injini ambayo turbo yake inategemea utando wa oili usikatike.

Sasa tazama joto la kuwaka, lile ambalo mvuke wa oili hudaka moto. Oili nzima ya aina hii huwa juu ya nyuzi 200. Mnato ukishuka na joto la kuwaka nalo likishuka, ni petroli. Mnato ukishuka lakini joto la kuwaka limebaki pale pale, oili imekatika: zile nyuzi ndefu za plastiki zinazoifanya 5W iwe 40 zimekatwa vipande na gia, beringi na turbo. Hili la pili si kosa la injini. Tafuta oili bora au punguza kilomita.

Petroli huingia kwa sababu nyingi. Safari fupi za baridi ndiyo ya kawaida: nyumbani, shule, sokoni, nyumbani. Injini za turbo zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama TSI na ile FA20 ya Forester XT za kuanzia 2012, huongeza hapo, kwa sababu nozeli inarusha petroli karibu na ukuta wa silinda. Nyingine ni nozeli inayodondosha, plagi isiyochoma vizuri, au programu ya injini iliyochezewa ili gari "litoke". Maabara nyingi huanza kulalamika kwenye asilimia 2 au 3. Ikifika 5 acha kuwaza na ukague nozeli.

Kuna mtego hapa. Petroli huvukia oili ikikaa moto muda mrefu. Ukitoka Dar mpaka Morogoro, ukamwaga oili ukifika, sehemu nzuri ya petroli imeshaondoka kwa njia ya kupumulia ya injini, na karatasi itakuja safi. Ukitaka kujua ukweli wa matumizi yako, chukua sampuli katikati ya wiki ya kawaida ya foleni.

Na mnato ukipanda?

Oili imepikwa, au ina masizi mengi, au umeongezewa 20W-50 na kijana wa sheli aliyetaka kukusaidia.

Chuma 31 ni kingi?

Kwa kilomita ngapi? Gawanya. Chuma 31 kwa kilomita 7,000 ni karibu 4.4 kwa kila elfu. Chuma 24 kwa kilomita 4,000 ni 6. Ile 24, iliyoonekana ndogo, ndiyo mbaya zaidi hapo. Hata hivyo usigawanye sampuli ya kilomita 500, kwa sababu oili ya zamani hubaki pembeni na kwenye mapito ya injini kila unapomwaga, na hiyo peke yake inatosha kukutisha.

Chuma hutoka karibu kila mahali: kuta za silinda, kranki, kamshafti, pampu ya oili, shafti ya turbo. Gari lililokaa miezi bandarini au uani kwa ndugu hurudi na chuma kingi kwa sababu ya kutu tu. Ndiyo maana chuma peke yake hakinisumbui sana. Chuma pamoja na kromi, hapo nafikiria ringi na silinda. Chuma pamoja na shaba, naanza kusikiliza turbo na kukagua kama shafti inacheza.

Shaba, risasi, bati?

Hizi ni za beringi, na ndizo zinazonifanya nipige simu gereji. Beringi za konrodi za injini nyingi za umri wa EJ205 zina tabaka laini juu lenye risasi na bati, na shaba chini yake. Risasi ikianza kupanda karatasi hadi karatasi, tabaka la juu linaliwa. Shaba ikifuata, tabaka limekwisha. Mwenye Subaru ya turbo anajua mlio unaofuata hapo na bei yake.

Majedwali ya zamani ya intaneti huruhusu risasi nyingi, kwa sababu yaliandikwa wakati petroli yenyewe ilikuwa na risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia Januari 2006, na Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, 2021. Risasi unayoiona leo haina pa kujificha. Lakini magari mapya mengi yana beringi zisizo na risasi kabisa, kwa hiyo sifuri kwenye safu hiyo si habari njema wala mbaya. Huko tazama alumini, bati na shaba.

Bushi za turbo kwa kawaida ni za shaba iliyochanganywa na bati au zinki. Zinki usiihangaikie, oili imejaa zinki tangu kiwandani.

Sodiamu na potasiamu zimepanda. Gasketi ya silinda hedi?

Huenda. Kulanti nyingi zina moja au zote mbili, na maji yenyewe yakivukia, chumvi hizo hubaki kwenye oili kama ushahidi. Baadhi ya oili mpya zina sodiamu kama dawa, ndiyo maana inafaa kujua oili yako ilianzaje. Na intakula (kipoza hewa ya turbo) au kipoza oili kipya cha alumini kinaweza kuachia potasiamu kwa muda, kutokana na kemikali iliyotumika kuunganisha vipande vyake kiwandani. Kama umetoka kufunga kipya na maji ya rejeta hayapungui, subiri karatasi nyingine.

Ila kwetu kuna tatizo ambalo vitabu vya wenzetu havilitaji: magari mengi yanatembea na maji ya bomba. Hakuna kulanti, hakuna potasiamu ya kuonekana, na gasketi inaweza kuvuja kimya kimya huku safu hizo zikisoma sifuri. Mwenye maji ya bomba ategemee kipimo cha maji, na macho yake kwenye tenki la akiba la rejeta.

Kipimo cha maji cha nyumbani kipo. Pasha kikaango kikavu mpaka kiwe moto sana lakini kisitoe moshi, dondosha tone la oili. Likitoa sauti ya kuchatuka na mapovu, kuna maji. Vaa miwani, na usitumie kikaango cha mama mwenye nyumba. Kipimo hiki hakioni maji kidogo sana, lakini kikichatuka usikipuuze.

TBN ni nini?

Akiba ya dawa ya kuua asidi. Oili mpya za petroli huanza kwenye 7 mpaka 10 hivi, na hushuka kadiri oili inavyotembea. Ikifika 2 au ikikutana na TAN, yaani asidi yenyewe inayopanda, imwage. Hakikisha mpya na iliyotumika zimepimwa kwa mbinu moja, kwa sababu zipo mbinu mbili na hazitoi namba sawa. Kama unabadilisha kila kilomita 5,000, okoa hela ya kipimo hiki.

Kalsiamu, zinki, fosforasi: za nini wakati si uchafu?

Ni alama za vidole za oili. Na kwa soko letu, lenye makopo yanayojazwa upya, hii ndiyo safu ninayoithamini kupita zote.

Oili ya petroli yenye alama ya ubora ya API SN au SP lazima iwe na fosforasi isiyopungua ppm 600, na za namba 30 na chini yake zisizidi 800. Zinki huwa juu yake kidogo. Kalsiamu na magnesiamu ndizo sabuni: oili za kabla ya 2018 mara nyingi zilikuwa na kalsiamu karibu au zaidi ya 2,000, wakati za SN Plus na SP huwa zimepunguza kalsiamu na kuongeza magnesiamu, kwa sababu kalsiamu nyingi ilionekana kuchochea mlipuko wa mapema kwenye injini za turbo zinazovuta kwa mzunguko mdogo. Mlipuko huo huvunja pistoni.

Basi kopo likisema SP 5W-30 na maabara ikisoma fosforasi 210 na kalsiamu 600, ulichonunua si hicho. Njia nzuri ni kupima oili mpya, kutoka kwenye kopo, mara moja kwa kila duka unalotaka kuliamini. Nilifanya hivyo kwa makopo mawili yenye nembo moja kutoka maduka mawili. Moja lilikuwa sawasawa. La pili lilikuwa oili ya msingi isiyo na dawa, yenye rangi nzuri. Kizibo chake kilikuwa na muhuri.

Oili yangu ni nyeusi baada ya kilomita 1,000 tu. Imekufa?

Hapana. Inafanya usafi. Rangi haipo kwenye karatasi ya maabara, na kuna sababu.

Turbo yangu ni ya dizeli. Tofauti ni nini?

Masizi. Prado yenye injini ya 1KD au Hilux itakuwa na oili nyeusi siku ya pili, na hilo ni la kawaida. Kinachotazamwa ni asilimia ya masizi na kama dawa bado inayatawanya. Dondosha tone kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, liache usiku kucha. Likitanuka lote kwa rangi inayofifia taratibu, dawa inafanya kazi. Likibaki doa jeusi katikati na duara safi pembeni, masizi yameanza kushikana. Dizeli kwenye oili hutoka kwenye nozeli, au kwenye magari mapya yanayochoma masizi ya ekzosti yenyewe, na haivukii kirahisi kama petroli. Safari ya Morogoro haitaificha.

Maabara wameandika kila kitu ni kawaida. Nitulie?

Tulia kwa yale wanayoyaona. Mashine inayosoma metali huona chembe ndogo sana, chini ya maikroni 5 mpaka 8 hivi. Beringi inayobanduka kwa magamba hutoa vipande vikubwa kuliko hivyo, na hivyo vinanaswa na filta. Unaweza kupata karatasi nzuri wiki moja kabla injini haijaanza kugonga.

Kwa hiyo pasua filta. Kata kopo lake kwa kikata mabomba, si kwa msumeno wa chuma, maana msumeno utakujazia unga wa chuma na utakufa kwa presha bure. Toa karatasi, ikunjue, ikamue, iangalie juani. Pitisha sumaku: kinachonata ni chuma. Kinachong'aa na kisichonata ni alumini au beringi. Vipunje viwili vitatu kwenye injini ya zamani si msiba. Kumeta kama rangi ya kucha, hapo usiwashe gari tena.

Nipime mara ngapi?

Oili tatu mfululizo ili upate msingi wako, kisha mara moja kwa mwaka, au baada ya jambo: injini imechemka, turbo imebadilishwa, programu imeguswa, umevuka mto maji yakafika kwenye boksi la filta. Kupima kila oili ni starehe. Mimi niliifanya kwa muda, na mke wangu bado anaikumbuka bajeti yake.

Naweza kupima oili ya gari ninalotaka kununua?

Unaweza, na muuzaji mwerevu ameshakutangulia kwa kumwaga oili jana. Uliza imetembea kilomita ngapi, kisha chomoa kijiti: ikiwa na rangi ya asali kwenye gari la miaka 18, metali hazitakuambia kitu. Bado potasiamu, sodiamu na maji vinaweza kusema, kwa sababu gasketi inayovuja huanza kuchafua oili mpya siku hiyo hiyo.

Sampuli bila kufungua boliti hutolewa kwa mrija mwembamba na bomba kubwa la sindano, kupitia tundu la kijiti. Mrija uwe mpya na usiguse chini ya sampu. Muuzaji akikataa usichukue mililita 100 za oili ya gari analodai halina tatizo, mwombe basi akuruhusu utoe mpira wa turbo dakika tano. Nenda na tochi, na kidole kisafi.